Simama upande wa kipokezi: mwongozo wa kujikinga na mionzi thieta

Thieta ya mifupa haikosi kijana wa bodaboda. Paja limekatika, au muundi, na daktari anataka kupitisha chuma ndani ya mfupa huku akiona kinakokwenda. Hapo ndipo siamu inaposukumwa ndani: mashine ya eksirei yenye mkono wa umbo la herufi C, ncha moja tyubu inayotoa mionzi, ncha ya pili kipokezi cha picha, mgonjwa katikati. Mimi ndiye ninayeisukuma. Mwongozo huu ni wa wale ninaosimama nao kila siku: madaktari wapasuaji, wauguzi wa skrabu (wanaonawa na kumpa daktari vifaa), watu wa dawa ya usingizi, wahudumu, pamoja na wanafunzi wanaojibanza kwenye kona bila aproni kwa kuwa hakuna aliyewaonyesha zinakotundikwa.

Kabla ya hatua yoyote, elewa jambo hili, maana yote yatakayofuata yanatokana nalo: mionzi inayokupata wewe inatoka kwa mgonjwa.

Usiku washa tochi, imulike kanzu nyeupe ya mwenzako. Tochi haijakuelekea wewe, lakini uso wako unaonekana, kwa sababu mwanga umegonga kitambaa ukatawanyika. Mwili wa mgonjwa unaufanyia mwale wa eksirei vivyo hivyo. Upande unaotazama tyubu, pale mwale unapoingilia ngozi ukiwa bado na nguvu zake zote, ndiko mtawanyiko ulikochachamaa. Ukifika upande wa kipokezi, sehemu kubwa imeshanyonywa njiani na nyama na mfupa. Kwa makadirio yanayotumika sana, aliyesimama pembeni umbali wa mita 1 anapata kama sehemu 1 kwa 1000 ya kile kilichoigonga ngozi ya mgonjwa. Kwa picha moja hiyo ni kidogo sana. Kwa mtu anayesimama palepale siku nne kwa wiki, miaka ishirini, hesabu ni nyingine.

Viwango vya kimataifa vya mfanyakazi wa mionzi ni milisivati (mSv, kipimo cha dozi ya mionzi) 20 kwa mwaka kwa mwili mzima, kwa wastani wa miaka 5, na mwaka wowote mmoja usizidi 50. Mikono na ngozi ni 500. Lenzi ya jicho zamani iliruhusiwa 150. Mwaka 2011 ikateremshwa hadi 20, baada ya kuonekana kwamba mtoto wa jicho hutokea kwa dozi ndogo kuliko ilivyodhaniwa. Wengi waliosoma kabla ya hapo bado wana 150 kichwani.

Hatua ya 1: Vaa kabla hujanawa

Aproni ya risasi, ile metali nzito inayozuia mionzi, huvaliwa chini ya gauni lililotakaswa. Ukishanawa na kuvaa gauni, hakuna namna ya kuivaa tena bila kuanza upya, na hapo ndipo watu huamua kuvumilia. "Leo ni picha mbili tu," anasema daktari. Sijawahi kuziona hizo picha mbili. Hata kama siamu imeegeshwa tu pembeni "kwa tahadhari", kila anayeingia mezani avae.

Aproni nyingi zina kinga sawa na risasi ya unene wa milimita 0.25, 0.35 au 0.5, kipimo kimeandikwa kwenye lebo. Ya 0.5 huzuia zaidi ya asilimia 90 ya mionzi iliyotawanyika kwa nguvu tunazotumia thieta. Anayesimama karibu na meza avae ya 0.5 mbele. Anayegeukageuka, hasa muuguzi anayezunguka na mtu wa usingizi, anahitaji ya kuzunguka mwili mzima, kwa sababu aproni ya mbele peke yake haina maana ukimpa mgonjwa mgongo. Ile ya vipande viwili, fulana na sketi, huhamishia uzito kiunoni. Kwa mtu wa kesi za saa tatu hiyo ni nafuu kubwa, maana aproni nzima ina kilo 5 hadi 7 na zote zinaning'inia mabegani.

Angalia kwapa. Aproni iliyokuzidi ukubwa huacha mwanya mpana pale mkono unapotokea, na ukiinua mkono kuelekea meza, mwanya huo unatazama chanzo moja kwa moja. Kwa wanawake pale ndipo ilipo sehemu ya juu ya titi, ya upande wa nje. Kwa hiyo usichukue tu iliyo karibu na mlango, chukua inayokutosha.

Kola ya shingo hukinga tezi ya thairoidi, na hukaa ikigusa aproni, shingo isionekane katikati. Kola inayoning'inia kama mkufu ni pambo. Miwani ya risasi ni ya lazima kwa daktari na msaidizi wake, nayo iwe na kinga za pembeni, kwa sababu wakati wa picha wanatazama skrini na mionzi inawaingilia kwenye shavu. Miwani ya kusomea haihesabiki.

Hatua ya 2: Beji ivaliwe na wewe, si na ukuta

Tanzania, beji, yaani vipima mionzi vya wafanyakazi, husimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomiki chini ya sheria ya mwaka 2003. Kenya wana mamlaka yao ya udhibiti wa nyuklia. Beji yenyewe haikukingi na chochote. Inahesabu tu, na inahesabu kile ilichopitia yenyewe.

Ukipewa moja, ivae pale ulipoelekezwa na waliokupa, siku zote mahali palepale, kwa sababu hesabu zao zinategemea mahali hapo. Ukipewa mbili, moja inakaa kifuani chini ya aproni, nyingine nje kwenye kola. Zikibadilishana, ripoti itasema mwili wako chini ya aproni umepata dozi ya shingo, na utaitwa kujieleza. Jambo jingine: usiiache imebanwa kwenye aproni iliyotundikwa ndani ya thieta. Mwenzako akipiga picha jioni, wewe uko nyumbani unakula na beji yako inahesabu.

Hatua ya 3: Panga mashine mgonjwa akiwa bado wazi

Hapa ndipo dozi ya siku nzima huamuliwa, na ndipo tunapoharakisha kuliko popote.

Tyubu iwe chini ya meza, kipokezi juu. Ukipindua, mtawanyiko mkali unaelekea kwenye macho, shingo na vifua vya watu. Wapo wanaopenda kuipindua kwenye kesi za mkono ili kipokezi kiwe kama meza. Ukifanya hivyo jua unachokilipa, na mkono wa mgonjwa usiikaribie tyubu.

Kipokezi kishushwe mpaka kikaribie kabisa mwili, tyubu ibaki mbali. Kipokezi kikiinuliwa ili daktari apate nafasi ya nyundo, mashine yenyewe huongeza mionzi ili picha isififie, na hakuna anayeona ikiongeza. Akimaliza kugonga, kishushe tena kabla ya picha.

Sasa piga picha moja ya majaribio ya mbele, moja ya pembeni, kabla mashuka hayajawekwa. Mguu wa pili unaziba? Nguzo ya meza inaingia kwenye picha? Rekebisha sasa. Kisha chukua plasta ya kawaida, kata vipande, bandika sakafuni kando ya magurudumu ya siamu: rangi moja kwa nyonga, nyingine kwa goti. Nikitoka kumpisha daktari, narudi kwenye plasta yangu, na picha ya kwanza inakuwa palepale. Bila plasta nitatafuta mfupa kwa kupiga: juu kidogo, piga; kushoto, piga; samahani Dokta, piga. Kila "samahani" ni dozi ya chumba kizima. Kama siamu yako ina taa ya leza ya kulenga, itumie pia. Plasta lakini haiharibiki na haihitaji fundi kutoka mjini.

Hatua ya 4: Picha ya pembeni, na miguu yako ilipo

Mkono wa siamu ukilazwa, tyubu inakuwa upande mmoja wa meza na kipokezi upande wa pili. Simama upande wa kipokezi. Nimeona wasaidizi wawili wa kimo kimoja, wamevaa aproni zilizofanana, kesi ileile, na aliyesimama upande wa tyubu akapata mara kadhaa zaidi ya mwenzake, kwa sababu tu hakuna aliyemwambia avuke.

Kama kazi inakulazimu kubaki upande wa tyubu, rudi nyuma wakati wa kupiga. Umbali ndio kinga ya bei rahisi kuliko zote: ukiuongeza mara mbili, dozi inashuka hadi robo; kutoka mita 1 hadi mita 3 unabaki na sehemu 1 kwa 9. Hatua moja ya kurudi nyuma ina thamani. Muuguzi wa skrabu anaweza kurudi na meza yake ya vifaa bila kuchafua chochote, ikiwa meza imepangwa tangu mwanzo na nafasi nyuma yake.

Mgonjwa mnene hubadilisha hesabu hizi. Kwa makadirio, kila sentimita 3 au 4 za mwili zinazoongezeka, mashine hutoa karibu mara mbili. Nyonga ya mtu mnene ikipigwa kwa pembeni ndiyo kesi ya kuogopa zaidi kwenye orodha ya siku. Siku hiyo ingizeni kinga ya kusukuma, ule ukuta wa risasi wenye magurudumu, hata kama inabana njia.

Hatua ya 5: Maneno matatu

Kubalianeni mapema, wakati ule mnapothibitisha jina la mgonjwa na upande wa mguu. Kwetu ni haya: "Nyuma," anasema daktari, kila asiyelazimika kuwepo anarudi. "Piga," naye anayekanyaga pedali anapiga. "Imetosha," mashine inarudishwa nyuma. Nikisikia neno jingine, kwa mfano "haya", sipigi, nauliza. Haya ya nini?

Pedali iwe kwa mtu mmoja. Daktari akiitaka mwenyewe, sawa, basi mimi naondoa mkono kwenye kitufe. Kesi moja, chini ya mashuka yaliyoburuta sakafuni, daktari alihamisha uzito wa mwili akaikanyaga pedali bila kujua huku akiendelea kuzungumza na msaidizi. Taa nyekundu imewaka, sote tunatazama jeraha. Aliyeiona ni mwanafunzi kwenye kona, naye akaona aibu kumwambia mkubwa. Tangu hapo wanafunzi wangu nawapa kazi rasmi: kuitazama taa. Ikiwaka bila neno "piga", ruhusa unayo ya kusema kwa sauti, "Dokta, umekanyaga!"

Hatua ya 6: Vitufe ambavyo hakuna aliyetufundisha

Anza na mapigo. Mashine nyingi zinaweza kutoa mionzi kwa mapigo machache kila sekunde badala ya mfululizo. Kuona skrubu imefika wapi hakuhitaji sinema. Chagua mapigo ya chini na dozi ya chini, upandishe tu picha ikikataa.

Bana mwale. Yale mabamba yanayofunga pembe za picha hupunguza eneo la mwili linalopigwa, hivyo hupunguza mtawanyiko na picha yenyewe inaonekana wazi zaidi. Ukuzaji uache. Kitufe cha kukuza huongeza dozi. Daktari akitaka kuona vizuri, sogeza skrini karibu na macho yake.

Na picha ya mwisho hubaki kwenye skrini. Kuitafakari, kubishana juu yake, kumwonyesha mwanafunzi shingo ya paja iko wapi, yote hayo hufanyika mguu ukiwa nje ya pedali.

Hatua ya 7: Vidole

Chuma kimepita pajani, skrubu za juu zimefungwa, zimebaki za chini karibu na goti. Daktari anatafuta tundu la chuma mpaka lionekane duara kamili kwenye skrini. Analenga ncha ya keekee katikati ya duara, na ili isiteleze juu ya mfupa anaishika kwa vidole. "Piga." Kwenye skrini, pembeni ya tundu, vinatokea vivuli vitatu vyembamba vyenye vifundo. Ni mifupa ya vidole vyake.

Ukiona vidole kwenye picha, hiyo si sehemu 1 kwa 1000 tena. Huo ni mwale wenyewe. Dawa yake ni kifaa: koleo refu, kishikio cha waya, au keekee yenye mwongozo wa kushikilia kwa mbali. Lenga, toa mkono, piga, rudisha mkono. Mara tatu nne, si mfululizo.

Glavu za risasi huwadanganya wengi. Mkono wenye glavu ukiingia ndani ya mwale, mashine inaona kizuizi na kuongeza mionzi ili ipenye, kwa hiyo kinga inajila yenyewe na mgonjwa anapata zaidi. Zina faida pembeni ya mwale tu.

Hospitali zinazotumia chuma cha SIGN, kilichobuniwa Richland, jimbo la Washington, Marekani, wanalijua hili kwa njia nyingine: mfumo ule ulitengenezwa kwa ajili ya mahali pasipo na siamu, na skrubu hutafutwa kwa kipimo kinachofungwa nje ya mguu. Tanzania unatumika miaka mingi. Kuwa na siamu si sababu ya kusahau ufundi huo.

Hatua ya 8: Mtu wa usingizi

Yeye hawezi kwenda popote. Mgonjwa akishuka presha, lazima awe kichwani. Basi mpeni aproni ya kuzunguka, mirija mirefu ya dripu ili aweze kukaa nyuma kidogo, na kinga ya kusukuma iwekwe kwake kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote. Kabla ya picha mfululizo mwambieni. Mara nyingi ameinama anachomoa dawa na hajui kama mmeanza.

Hatua ya 9: King'ora cha dakika 5

Siamu hulia muda wa kupiga ukijumlishwa kufika dakika 5. Desturi iliyoenea ni mtu kunyoosha mkono kukinyamazisha bila kugeuza shingo. Mimi nikikizima nasema kwa sauti: "Dakika tano, Dokta." Sisemi zaidi. Mara nyingi hapohapo mtu anabadilisha njia au anamwita mkubwa wake.

Mwisho wa kesi andika muda wa kupiga na kipimo cha dozi kinachoonyeshwa kwenye skrini, kwenye kitabu cha thieta na faili la mgonjwa. Baada ya miezi michache utajua wastani wenu kwa paja, kwa nyonga, kwa kifundo, na kesi iliyozidi itajitokeza yenyewe.

Mhudumu wa usafi akisita kuingia kwa kuogopa "mionzi iliyobaki", mwambie kwa heshima kwamba eksirei ni kama taa: ukizima, hakuna kinachobaki kwenye meza, sakafu wala mashuka. Na maziwa ambayo watu huambiana wanywe ili kusafisha mionzi, wanywe tu kwa chai. Mwilini hakuna cha kusafishwa.

Aproni ikivuliwa

Itundike kwenye hanga pana, au ilaze bapa. Usiikunje, usiitupe juu ya kiti ukaikalia. Ndani kuna tabaka la risasi au metali za aina yake, nalo hupasuka kwenye mkunjo wakati kitambaa cha nje bado kinapendeza.

Angalau mara moja kwa mwaka zipimwe, na siamu yenyewe inatosha. Tandaza aproni mezani, simama mbali, ipitie kipande kwa kipande. Niliwahi kuipima moja iliyokuwa ikigombaniwa kwa wepesi wake. Nje safi, hata rangi haijapauka. Kwenye skrini ukatokea mstari mweupe kutoka begani hadi kwapani, mwembamba kama ufa wa ukuta, na chini yake, usawa wa kiuno, dirisha zima lililo wazi ambako tabaka lilikuwa limeteleza likajikusanya kwenye pindo. Ndiyo maana ilikuwa nyepesi. Zipeni aproni namba, andikeni tarehe ya kupima, na iliyokufa ikatwe mikanda, la sivyo kesho utaikuta imevaliwa.

Ukiwa mjamzito

Mwambie sista inchaji mapema, kwa maandishi. Ukishatoa taarifa, mtoto aliye tumboni hukingwa kama raia wa kawaida: si zaidi ya mSv 1 kwa muda wote wa mimba uliobaki. Omba beji ya pili ya kuvaa tumboni chini ya aproni, isomwe kila mwezi. Kwa aliyevaa aproni nzima na kusimama mbali, kiwango hicho kwa kawaida hakifikiwi, kwa hiyo taarifa haina maana ya kufukuzwa thieta wala kuadhibiwa kwa zamu mbaya. Ina maana ya kupangiwa kesi zisizo na siamu inapowezekana, na kuzunguka badala ya kuskrabu. Inchaji naye ajue kwamba akimfanya mmoja ajute kusema, wa pili atanyamaza mpaka mwezi wa tano.

Ripoti ikirudi

Beji zikisomwa, majibu yabandikwe mahali kila mtu aone lake, si kufungiwa kabatini. Aliyepanda ghafla muulizeni kwanza: umehama upande wa meza? Kesi za nyonga zimeongezeka? Beji ililala thieta? Kisha mtazameni aliyepata sifuri. Kama ni karani wa ghala, sawa. Kama ni daktari aliyefunga chuma thelathini za mapaja katika kipindi hicho, nendeni mkaifungue droo yake.